Figo ya Mzee Si Lazima Iwe Mbovu



Figo iliyotolewa katika mwili wa marehemu haikubaliwi wala haikataliwi kwa kutazamwa tu. Madaktari huuliza umri wa marehemu, kama alikuwa na kisukari au shinikizo la damu, na damu yake ilikuwa na kreatinini kiasi gani, maana figo dhaifu hushindwa kuiondoa taka hiyo. Pengine kipande kidogo cha figo huchunguzwa kwa hadubini. Kazi hiyo yataka haraka, kwani hata katika barafu figo huzidi kudhoofika kila saa ipitayo.

Lakini kupima ni jambo moja, kuamua ni jingine. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya 2004 na 2014, Marekani ilitupa takriban figo 18 katika kila 100 zilizotolewa. Ufaransa ilitupa 9 tu, ingawa ilipokea figo za watu wenye umri mkubwa zaidi.

Wako wasemao kuwa mgonjwa anastahili figo iliyo bora. Hoja hiyo ina kasoro. Aghalabu mgonjwa mzee hachagui kati ya figo ya kijana na ya mzee mwenzake. Huchagua kati ya figo hiyo na kuendelea kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa juma, akizidi kudhoofika.

Basi swali la haki si kama figo ni kamili, bali ni kama yuko mgonjwa ambaye itamfaa kuliko kungoja. Kutupa kibovu ni busara. Kutupa kinachofaa ni kumpunguzia mtu maisha.