Wavu Ambao Mwili Unajua Kuufumua



Ukishuka Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kusini mwa Ziwa Edouard, ndani ya Hifadhi ya Virunga, unapokelewa na samaki walioanikwa na nyavu za nailoni. Kwa macho ya mkemia, hao ni ndugu.

Nyama ya tilapia ni protini: minyororo ya asidi amino, zilizoshikana kama shanga kwa kifungo kiitwacho amidi. Nailoni, iliyoundwa na Wallace Carothers huko Marekani mwaka 1935, imeshikana kwa kifungo hichohicho. Lakini samaki ukimla jioni, vimeng'enya vya tumbo vitakuwa vimemfumua kabla ya jogoo kuwika. Wavu uliozama ziwani haufumuki. Unaendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala. Vimeng'enya havitazami kifungo peke yake, hutazama pia shanga zilizo jirani yake. Za nailoni havizijui.

Daktari naye yuko kati ya nyuzi hizo mbili. Akishona ngozi kwa nailoni, sharti arudi kuitoa. Katiguti, uzi wa kolajeni ya utumbo wa kondoo au ng'ombe, mwili huimaliza wenyewe, ila hutegemea mnyama. Polipeptidi za maabara, yaani minyororo ya asidi amino iliyoundwa na binadamu, zinatafuta njia ya tatu: uzi tunaoupanga sisi, kwa shanga ambazo mwili unazifahamu.

Mwaka 1906, huko Berlin, Hermann Leuchs alieleza molekuli ambazo baadaye ziliwezesha kuunganisha minyororo mirefu kwa haraka, ingawa haitoki yote na urefu mmoja. Mwaka 1963 Bruce Merrifield, New York, alifanya kama mfuma nyavu: alifunga ncha moja kwenye punje ya plastiki, akaongeza shanga moja moja kwa mpangilio autakao. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Tazameni RADA16, mnyororo wa asidi amino 16. Katika dawa ya kuzuia kuvuja kwa damu iliyotengenezwa nayo, polipeptidi ni asilimia 2.5 tu, karibu yote yaliyobaki ni maji. Ikigusa damu, minyororo hujipanga kuwa nyuzi, nyuzi huwa wavu, na wavu huziba jeraha. Lakini si kila mnyororo ni rafiki: polilisini, yenye chaji chanya nyingi, inaweza kutoboa utando wa seli.

Hapa kwetu polipeptidi ya maabara iliyo karibu zaidi ni ile iliyomo mkononi mwa mkunga: oksitosini, asidi amino 9, iliyoundwa na Vincent du Vigneaud mwaka 1953. Huzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, lakini huhitaji baridi ya nyuzijoto 2 hadi 8. Mwaka 2018, utafiti wa Shirika la Afya Duniani kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kwamba dawa nyingine, karbetosini isiyoharibiwa na joto, haikuzidiwa na oksitosini katika kuzuia damu nyingi kupotea. Karbetosini hiyo huvumilia nyuzijoto 30.

Basi, wanafunzi, mkifuma mnyororo, jiulizeni utafumukia wapi. Ufumuke mwilini, kazi yake ikiisha. Usifumukie njiani, kwenye joto la barabara ya Rutshuru, kabla haujamfikia mama wa Vitshumbi.