Pumzi nayo ni haki

Wandugu wa Ibanda, makamarade,

Tunazoea kusema juu ya barabara, maji na umeme. Leo tuseme juu ya pumzi.

Jioni mvua ikinyesha, mbabula inaingizwa ndani, Panzi sawa na Nyalukemba, na mlango unafungwa juu ya baridi. Makala yakishika vizuri hayana moshi mwingi. Hapo ndipo yanatudanganya: yanatoa sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kuua mtu akiwa usingizini. Baba akiwasha sigara humo humo, mtoto naye anavuta bila kuulizwa. Shirika la Afya Duniani linahesabu kama moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Hatulaumu bamama. Mto Ruzizi unatokea hapa kwetu, na Ruzizi II inatoa umeme tangu 1989. Lakini umeme ukikatika, mama apike na nini?

Kwa hiyo tunadai: ratiba ya kukata umeme itangazwe na iheshimiwe. Congo ilikubali mkataba wa dunia juu ya tumbaku mwaka 2005. Basi sigara itoke ndani ya taksi na restora zetu.

Na sisi, kuanzia leo: mbabula iwashiwe inje, itoke kabla ya kulala, dirisha libaki wazi. Mwenye kuvuta atoke inje, hata kama ni mwenye nyumba.

Batoto bapumue!