Hotuba Juu ya Dawa za Kifua Kikuu na Kazi ya Mfamasia

(Ilisomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kabla ya hesabu za fedha kusomwa, twaomba ruhusa kusema habari moja iliyotuhuzunisha. Mwaka huu tulimzika mwenzetu aliyeugua kifua kikuu. Alianza dawa, akapata nafuu mwezi wa pili, kikohozi kikatulia, naye akaona hapana haja ya kupoteza kibarua kwa safari za zahanati. Ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Nasi tulichanga upesi fedha za jeneza. Nauli ya zahanati hatukumchangia hata siku moja.

Yafaa tujue kwa nini dawa hizi hunywewa muda mrefu. Mwaka 1948 matabibu wa Uingereza walitangaza matokeo ya kuijaribu streptomaisini. Kati ya wagonjwa 55 waliopewa dawa hiyo, walikufa 4 katika miezi sita. Kati ya 52 waliopumzishwa kitandani bila dawa hiyo, walikufa 14. Furaha ilikuwa kubwa, lakini haikudumu. Wengi walizidiwa tena, kwa kuwa dawa moja peke yake huua vijidudu inavyoviweza, ikaviacha vichache visivyoisikia, navyo vikazaana. Ndipo wataalamu wakajifunza kuchanganya dawa.

Hata hivyo matibabu yalichukua mwaka na nusu au zaidi. Sifa ya kuyafupisha ni ya Afrika Mashariki pia: mwaka 1972 watafiti wa kwetu na wa Uingereza walionyesha kwamba, rifampisini au pirazinamaidi ikiongezwa juu ya streptomaisini na aisoniazidi, miezi sita yaweza kutosha. Wagonjwa wa Kenya walikuwamo katika majaribio hayo. Miezi sita ni matunda ya subira yao. Aikataye katikati aitupa.

Na mfamasia, tusimdhanie mwuza duka. Yeye hulinganisha kipimo cha dawa na uzito wa mgonjwa. Huuliza dawa nyingine tunazotumia, maana rifampisini hupunguza nguvu za vidonge vya kupanga uzazi na za baadhi ya dawa za Ukimwi. Hutuonya kwamba mkojo utageuka rangi kama ya machungwa, tusiogope. Bali macho yakiwa manjano, turudi mara moja. Tumwulize pasipo haya.

Dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali hazilipiwi. Kinachotushinda ni nauli, njaa na aibu. Kwa hiyo Halmashauri yaomba mambo mawili: sehemu ya mfuko wa mazishi itengwe kwa nauli za wagonjwa, na kila mgonjwa apewe mwanachama mmoja wa kufuatana naye hadi kidonge cha mwisho.

Aliyetutangulia hatuwezi kumrudisha. Walio hai twaweza kuwasindikiza. Twaomba mkutano upige kura.