Si Rangi Iletayo Kina: Mhadhara juu ya Miwani ya Rangi Mbili



Katika majilisi ya wanazuoni nimesikia mara nyingi, tena kutoka kwa watu ambao elimu yao naistahi, kwamba miwani ya rangi mbili, kioo chekundu kwa jicho la kushoto na cha samawati kwa la kulia, huipa picha ya sinema kina kwa sababu nyekundu kwa tabia yake husogea mbele, ilhali samawati hurudi nyuma. Dhana hii ni batili, na kuiacha isimame ni kuwanyima vijana wetu maarifa ya jicho lenyewe.

Habari za Rollmann wa Leipzig, aliyeieleza mbinu hii mwaka 1853, na za Ducos du Hauron aliyeiita anaglifu, zajulikana, wala sizikariri. Mimi narejea kwa Charles Wheatstone, na makala yake ya mwaka 1838 mbele ya Royal Society ya London, ambayo kila niisomapo hunizidishia heshima kwake. Bwana huyu alisimamisha vioo viwili vilivyokutana kwa pembemraba, kila kimoja kikilielekea jicho lake, akaweka kandoni michoro miwili ya umbo moja, huu kama lionwavyo na jicho la kushoto, na ule kama lionwavyo na la kulia. Tena akachagua kwa makusudi mistari mitupu, bila ya kivuli wala rangi, ili asitokee mtu wa kudai kwamba kivuli ndicho kilichomhadaa mtazamaji. Na mistari ile, iliyolala bapa karatasini, ikainuka ikawa umbo kamili. Rangi ilikuwa wapi?

Kazi ya rangi ni ya bawabu tu. Picha mbili, zilizopigwa kutoka mahali pawili palipoachana takriban kama macho yetu, yaani kiasi cha sentimita 6 na nusu, hurushwa pamoja juu ya pazia moja, hii kwa nuru nyekundu na hii kwa samawati. Kila kioo huruhusu iliyo yake na kuizuia ya mwenziwe, hata akili, ikizilinganisha tafauti ndogo baina ya picha hizo, ikahukumu lipi li karibu na lipi li mbali.

Mwanafunzi mmoja aliposhikilia dhana ile darasani kwangu, nilimpa mchoro wa mchemraba, kisha nikamwambia aigeuze miwani, nyekundu ihamie kulia: papo hapo upande uliokuwa mbele ukaenda nyuma. Lau wekundu ungekuwa na nguvu ya kusogeza, ungesogeza kwa jicho lolote. Hata filamu ya *Bwana Devil* ya mwaka 1952, yenye kisa cha simba wala watu wa Tsavo, ilitazamwa Marekani kwa miwani ya kijivu ya polaroidi, na kina kikawapo vile vile.

Nakubali kwamba jicho huzipinda nuru za rangi mbalimbali kwa kadiri zisizo sawa, na kwamba wengi, wakitazama nyekundu na samawati juu ya weusi, huona moja imetangulia. Lakini athari hiyo ni dhaifu, na hupatikana bila ya miwani yoyote.

Basi nashikilia kwamba, ijapokuwa miwani hii huharibu rangi za picha na kuyachosha macho, hakuna chombo rahisi kiipitacho katika kufundisha elimu ya kuona. Nawasihi walimu wa fizikia watafute karatasi za nailoni nyekundu na samawati, wachore mchemraba mara mbili, na wawaachie wanafunzi waigeuze miwani wenyewe.