Jogoo wa Mbegu Msiniuzie

(Mazungumzo ya mchuuzi wa kuku wa Kariakoo mbele ya wahitimu wa kisomo kijijini)



Mimi ni mchuuzi wa kuku. Nakaa Kariakoo, Dar es Salaam, chumba cha uani karibu na Mtaa wa Swahili. Kwa miaka mingi kazi yangu ni moja tu. Napanda basi mpaka Singida, Igunga na Nzega, nanunua kuku wa kienyeji, nawatia katika matenga, nawaleta mjini. Wengi wenu mmewahi kuniuzia. Naona mnacheka, maana bei zangu mnazijua. Leo sikuja na tenga. Nimekuja kusema jambo linalonichoma.

Pale Kariakoo kuku wa kienyeji hauzwi kwa mzani. Huuzwa kwa jicho na mkono. Mnunuzi anamwinua kuku, anapapasa kifua, anatazama miguu, halafu anataja bei. Jogoo mrefu, mzito, mwenye kifua kipana ndiye anayegombewa, hasa siku za Idi na Krismasi. Soko letu kubwa lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua moto Julai 2021, wachuuzi tukatawanyika huku na huku. Lakini hamu ya jogoo mkubwa haikuungua.

Sasa mimi nikifika kwenu, nanunua kwa macho ya yule mnunuzi wa mjini. Ukinionyesha majogoo watano, namchukua yule bora. Mwezi ujao narudi, namchukua anayemfuata. Yule mdogo, mwenye miguu mifupi na kifua kama kisu, namwacha. Nikiondoka, ni nani anabaki kuwapanda mitetea wenu? Ni wale waliokataliwa na Kariakoo. Basi kila mwaka vifaranga wenu wanapata baba mdogo kuliko wa mwaka jana. Halafu mnaniuliza, “Mbona kuku wa siku hizi wamedumaa?” Nilikuwa najibu ni ukame. Nilikuwa nasema uongo nusu.

Tumchukue Kuchi. Kuchi mnamjua, ni kuku wa Usukumani, ingawa yuko hata Pwani na Unguja. Ana kimo kirefu, shingo ndefu, mdomo mfupi ulioinama, manyoya machache kifuani, na upanga mdogo uliolala juu ya kichwa kama punje za mbaazi. Jogoo wake kwa wastani ana kilo 2.5, mtetea kilo 1.8. Mlinganisheni na Ching'wekwe wa kule Morogoro: jogoo wake ni kilo 1.6 tu, mtetea 1.2. Kuna na Singamagazi wa Tabora, jogoo mwekundu kama moto, ambaye hufika kilo 2.9. Wataalamu waliopima damu ya Kuchi waliona ana undugu na kuku wa kupigana wa Asia ya Mashariki. Kwa hiyo mababu zake walivuka bahari. Huenda walikuja na majahazi kama nguo na sahani.

Zamani nilikuwa nikifika Nzega asubuhi, mpaka adhuhuri nimejaza tenga zima la Kuchi watupu. Siku hizi nazunguka siku tatu napata sita, na kati ya hao sita, wawili ni wa kubahatisha.

Mtu atasema, jogoo mmoja akiondoka kuna hasara gani? Hebu tufanye hesabu, kalamu mnazo. Mtetea wa kienyeji anatotoa labda mara 3 kwa mwaka, kila mara vifaranga 10. Hao ni 30. Jogoo mmoja anapanda mitetea 10. Kila mtetea na 30 wake, jumla jogoo ana watoto 300. Wengi watakufa, watachukuliwa na mwewe, ndiyo. Lakini mnaona? Ukikosea mtetea, umekosea watoto 30. Ukikosea jogoo, umekosea 300. Na mimi ndiye niliyekuwa nawachagulia jogoo wenu.

Wenzetu wa nchi nyingine walifanyaje? Waliandika. Uingereza mwaka 1865 kilitoka kitabu cha kueleza kila mbegu ya kuku inavyotakiwa iwe: upanga wake, rangi ya mguu, umbo la mgongo. Marekani wakatoa chao mwaka 1874. Kuku mkamilifu anapewa alama 100, na kila kasoro inapunguza alama. Wapo humu waliofuga wale kuku wekundu wanaoitwa Rhode Island Red. Wale hawakushuka kutoka mbinguni. Inasimuliwa kwamba mwaka 1854 mkulima mmoja wa Marekani, William Tripp, alinunua jogoo mwekundu wa Malay kwa baharia bandarini, akamwachia kuku wake wa kienyeji. Watoto walikuwa wazuri. Yeye na majirani wakaendelea kuchagua wekundu, wazito, wenye kutaga, mwaka hadi mwaka. Mwaka 1904 kuku hao wakaandikwa rasmi kuwa mbegu. Hesabuni, ni miaka 50. Tena wamemjengea kuku huyo jiwe la kumbukumbu! Sisi wetu tunawala pilau.

Lakini msiige kila kitu. Baadhi ya wafugaji wa huko walichagua uzuri wa manyoya peke yake kwa ajili ya maonyesho, mpaka kuku wakapendeza kama maua na mayai yakapungua. Mbegu ni pamoja na kutaga, kulea na kustahimili.

Nawasimulia na ujinga wangu mwenyewe, msije mkadhani mwalimu hakukosea. Nilipoona Kuchi wanapungua, nikaamua kufuga mwenyewe pale uani. Nikanunua jogoo na mitetea watatu kutoka tenga la mchuuzi mwenzangu, akaapa kwamba wote ni Kuchi safi. Kwa macho walikuwa Kuchi kweli. Wakatotoa. Wiki 6 baadaye natazama vifaranga: karibu robo yao wana upanga uliosimama kama msumeno! Nikadhani jogoo wa jirani karuka ukuta. Nikagombana na jirani bure. Nikarudia, ikawa vile vile. Mwaka mzima ulipotea na chakula chake, na jirani alininunia mpaka nilipompelekea mayai.

Baadaye bwana mifugo akanieleza. Upanga wa Kuchi una nguvu kuliko upanga wa msumeno. Ukimpandisha Kuchi safi kwa kuku wa kawaida, watoto wote watatoka na upanga wa kulala. Utasema hawa Kuchi. Kumbe ule msumeno haukufa, umejificha katika damu. Ukiwakutanisha chotara kwa chotara, kwa wastani mtoto 1 kati ya 4 atautoa nje. Jogoo wangu alikuwa chotara, na mitetea pia.

Basi, utamjuaje jogoo? Usimtazame yeye, watazame watoto wake. Mfungie na mitetea wawili wenye upanga wa msumeno, jogoo mwingine asiwafikie. Usiyatumie mayai ya wiki 3 za mwanzo, maana mtetea huweza kutunza mbegu ya jogoo aliyetangulia. Kisha atamia. Akitoka hata kifaranga mmoja mwenye msumeno, jogoo huyo ni chotara. Wakitoka vifaranga 10 au zaidi na wote wana upanga wa Kuchi, unaweza kumwamini kwa upanga. Nasema kwa upanga tu. Uzito na utagaji ni habari nyingine, hiyo inataka daftari.

Hapo ndipo kisomo kinaingia. Mama yangu alijifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha miaka ya 1970, na kitu cha kwanza alichoandika baada ya jina lake kilikuwa deni la mtu. Ninyi andikeni kuku. Mtetea yupi alitaga mayai mangapi, vifaranga wangapi walitotolewa, wangapi walifika miezi 2. Majogoo wakifika miezi 5, wapelekeni kwenye mzani wa dukani mwape namba. Wafungeni kitambaa mguuni, kila ukoo rangi yake, na mkilegeze kuku anapokua kisije kikamkata. Usiandike “mkubwa” au “mzuri”. Andika kilo. Nikija mimi na maneno matamu, daftari litanijibu.

Jambo jingine, jogoo asiwapande binti zake na wajukuu zake. Hilo nalo nililifanya, maana uani pangu ni padogo. Mayai mengi hayakutotolewa, na vifaranga waliotoka walikuwa wanyonge. Baada ya mwaka mmoja hivi badilishaneni majogoo, nyumba hii na nyumba ile ya mbali, lakini wawe wa mbegu ile ile na wenye namba daftarini. Msimfuate jogoo mgeni kwa sababu ana mbwembwe.

Na msimchukue jogoo wa mbegu sokoni Kariakoo. Nawaambia mimi ninayeuza pale. Katika matenga yetu kuku wa mikoa mingi wanapumuliana, na mdondo unasafiri nao. Ukilazimika kuleta kuku kutoka soko lolote, mtenge wiki 3 kabla ya kumchanganya na wenzake. Na chanjo ya mdondo, tone moja jichoni kila baada ya miezi 3, kijiji kizima siku moja. Ukichanja wako peke yako huku wa jirani wanakohoa, bado ugonjwa uko mlangoni.

Nimalizie na bibi mmoja wa upande wa Igunga. Nilimkuta na jogoo wa Kuchi, kimo chake kinanifika juu ya goti. Nikasema, “Bibi, nipe huyu.”

“Huyu siuzi, mwanangu. Chukua wale wawili.”

Nikapandisha bei. Nikapandisha tena, mpaka ikafika bei ya mbuzi mdogo. Bibi akanitazama akaniuliza, “Mwanangu, mahindi ya mbegu mnayapika huko kwenu?”

Nikaondoka na wale wawili. Walikuwa watoto wa jogoo yule, na walikuwa wazito. Kila nikirudi pale napata majogoo wazuri wa kununua, wakati nyumba za jirani nilikwisha kuzikausha. Mimi mwenyewe nafaidi kwa ukaidi wa yule bibi.

Kwa hiyo naomba tukubaliane leo hii, mbele ya Mwenyekiti. Majogoo mtakaowachagua kuwa wa mbegu wafungwe kitambaa chekundu. Wengine wote nitawanunua, na kwa bei nzuri. Mwenye kitambaa chekundu, hata nikimwaga fedha mezani, msinipe. Nina njaa ya biashara kama mtu yeyote, naweza kujisahau.

Sasa wenye majogoo waleteni hapa uwanjani. Mzani wa dukani umeshafika. Nani ataandika?