Mzigo na Nafasi



Sisi tukaao Idsowe na pande zote za Garsen twaujua Mto Tana. Mvua zikinyesha sana huko juu, Mlima Kenya na Nyandarua, maji hutufikia hata mashambani, na mtumbwi hugeuka kuwa barabara yetu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, na tena Novemba 2023.

Kila mpiga kafi ajua kanuni za mzigo. Magunia mazito hulazwa chini, katikati, yakilingana kushoto na kulia. Tezi ikizidiwa, omo huinuka na mtumbwi hukataa kuongozwa. Mzigo ukirundikwa juu, wimbi dogo latosha kuupindua. Tena gunia la mpunga likilowa huzidi uzito. Kwa hiyo ukingo huachwa juu ya maji kwa kipimo cha kutosha, na mahali pa kufulia maji hapawekwi kitu.

Lakini kupanga si kazi ngumu. Iliyo ngumu ni kuacha. Kitanda, cherehani, mlango wa nyumba, gunia moja zaidi: kila kimoja twasema hatuwezi kukiacha. Aprili 2024, katika mafuriko ya mto huu huu, upande wa Garissa, mashua iliyopakia watu wengi ilipinduka, na watu wakafa. Tukiwa ukingoni mwa mto twaweza kuchagua. Tukiisha fika katikati, maji ndiyo huchagua.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, merikebu ya Paulo ilichukua watu 276. Dhoruba ilipozidi, walitupa shehena, kisha vyombo vya merikebu, na mwisho hata ngano. Merikebu ilivunjika, wala hakupotea mtu hata mmoja. Ngano ile haikuwa dhambi. Ilikuwa mali ya halali, lakini uhai ulikuwa mkuu kuliko ngano.

Hata nasi, gunia la ziada huenda lisituzamishe. Lakini limekalia nafasi ya bibi kizee wa jirani, aliyebaki juu ya kichuguu na mjukuu wake, akitutazama tukipita.

Basi kabla ya masika, tuulizane nyumbani: tutaacha nini, ili tumpakie nani?

Na tuombe. Ee Bwana, utupe moyo wa kuacha vitu, tusije tukaacha watu. Amina.