TUMEZUNGUKA RUSINGA KWA MIGUU

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanakamati wa maendeleo kutoka vituo vya ziwani, Homa Bay na Migori)



Tuliombwa tuzungumze juu ya "kutambua mahitaji ya jamii". Tulikuwa tumeandika karatasi nzuri, yenye mishale na visanduku kama tulivyofundishwa chuoni. Karatasi hiyo tumeiacha ofisini. Leo tutawaeleza tu jinsi tulivyokizunguka kisiwa cha Rusinga kwa miguu, siku mbili, na mambo tuliyoyakuta. Mtajipimia wenyewe.

Safari hii ilianza kwa aibu. Miaka michache iliyopita tulisaidia kikundi kimoja cha akina mama kujenga tangi la maji ya mvua upande wa kusini wa kisiwa. Saruji ilikuwa nzuri, fundi alikuwa mzuri. Basi siku moja tukaitisha mkutano wa kuuliza tangi linaendeleaje, na dani mmoja akasimama akasema, "Tangi linahifadhi makaa vizuri." Watu wakacheka. Sisi hatukucheka. Akaendelea: "Ninyi mnaijua barabara. Mlilijenga pale kwa sababu ndipo gari lenu hufika. Je, kisiwa mnakijua?"

Hatukuwa na jibu. Tumefanya kazi huku miaka mingi, na kweli Rusinga tulikuwa tunaijua kupitia dirisha la gari.

Ndiyo tukapanga safari. Tulikuwa watu tisa: wafanyakazi watatu wa ustawi wa jamii, vijana wanne, na akina mama wawili wa kikundi cha omena ambao ndio waliokuwa walimu wetu. Kanuni ilikuwa moja tu: ziwa liwe upande wa kulia siku zote, na tusipande pikipiki hata kama tumechoka. Watu wa boda boda walitufuata karibu nusu saa wakidhani tumeishiwa na nauli.

Tulianzia Mbita saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukavuka daraja. Wazee wanakumbuka kwamba zamani Rusinga ilikuwa kisiwa hasa, na mtu alivuka kwa mtumbwi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikajengwa tuta la mawe na udongo, magari yakaanza kupita. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi: mgonjwa aliweza kufika hospitali usiku. Lakini tuta lile liliziba mkondo wa maji, na wavuvi wakalalamika kwa miaka mingi kwamba maji yamelala, magugu yamejaa, samaki hawapiti. Daraja la sasa lilijengwa ili maji yapite tena. Tulisimama katikati tukatazama mkondo ukienda. Kijana mmoja akasema hajawahi kusimama hapo, ingawa amepita mara elfu.

Baada ya daraja tuliacha barabara tukashuka bichi. Omena walikuwa wameshatoka majini, wameanikwa juu ya nyavu kuukuu, wanang'aa kama bati jipya. Hapa akina mama wetu walitusimamisha karibu saa nzima, na saa hiyo ilikuwa na faida kuliko semina nyingi. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa maana mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu ya kuwavuta. Boti hurudi alfajiri. Mama anayenunua hana budi kuwa pale boti inapogusa mchanga, na akichelewa nusu saa tu anakuta wameisha au amebakiziwa walioharibika. Kukiwa na jua kali, jioni wamekauka. Mvua ikinyesha saa nane, wanaanza kunuka, na kesho yake mnunuzi wa chakula cha kuku anawachukua kwa bei anayotaka yeye. Kwa hiyo jambo la kwanza mwanamke huyu anahitaji ni njia ya kufika majini gizani, upesi, bila kuzunguka. Lishikeni neno hilo, tutalirudia.

Pale bichi tulimkuta pia jaduong' mmoja akishona wavu. Tulimwuliza habari ya maji ya mwaka 2020. Mnakumbuka wote, hata ninyi wa Karungu mlipoteza nyumba: mwezi wa tano mwaka ule ziwa lilipanda kuliko ilivyowahi kupimwa, likapita hata lile la 1964. Vibanda vya samaki vilizama, vyoo vilizama, na uchafu wa vyoo ukaingia katika maji yale yale ya kunywa. Mzee hakushangaa. Alituonyesha jabali juu ya bichi, akasema, "Nyathina, baada ya zile mvua za karibu na Uhuru, maji yalikuja karibu na hapa. Tuliwaambia waliokuja kujenga choo. Wakasema wana ramani." Tukaangaliana, kwa maana na sisi tuna ramani.

Upande wa kaskazini njia huachana na ziwa kidogo. Ni njia ya ng'ombe na ya watoto wa shule, nyembamba, huku na huku ua wa minyaa, nyuma yake mahindi na mihogo. Ng'ambo ya maji unaona Uyoma. Hapa tulitembea vizuri, upepo ukivuma, na vijana wakaanza kuimba. Tulipita makundi ya watoto wakioga kwenye maji matulivu yenye majani. Tuliwaambia juu ya konokono wa kichocho. Wakatusikiliza kwa heshima, kisha wakarudi majini. Hatuwalaumu. Hata mama zao wanafua hapo hapo, na mtoto anayepewa dawa ya kichocho shuleni anaambukizwa tena mahali pale pale kama hana pengine pa kuoga.

Mchana tulifika Kasawanga, kwenye kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa hajatimiza miaka arobaini. Nyumba iliyojengwa juu ya kaburi ina umbo la risasi. Vijana wetu walijua jina kwa sababu ya barabara ya Nairobi. Hawakujua kwamba alisoma katika shule za misheni, Yala na Mang'u, wala kwamba ndiye aliyehangaika kutafuta pesa ili ndege ya mwaka 1959 iwapeleke Marekani wanafunzi 81 kusoma. Tulikaa kivulini tukala mandazi. Msichana mmoja akauliza, "Na yeye alikuwa akipita hii njia kwa miguu?" Mama mmoja akamjibu kwamba zamani wote walipita kwa miguu, wakubwa na wadogo.

Kutoka hapo nchi inabadilika. Kuna makorongo na majabali yanayoshuka, rangi ya majivu, yamepangwa tabaka tabaka kama maandazi ya kukunja. Ni majivu kweli. Zamani sana, miaka kama milioni 18 iliyopita, kulikuwa na mlima mkubwa wa moto, Kisingiri, na Rusinga na Mfangano ni mabaki ya mteremko wake, kama vilivyo vilima vya Gwassi. Majivu yale yaliwafunika wanyama, matunda, hata wadudu, yakawatunza. Hapa Rusinga, mwaka 1948, Mary Leakey alipata fuvu la kiumbe anayeitwa Proconsul, wa jamii ya nyani wasio na mkia, na dunia nzima ikasikia jina la kisiwa chetu. Wachungaji wanajua kwamba mvua kubwa ikinyesha mifupa hujitokeza. Kijana wetu mmoja aliokota kitu kama jino akakitia mfukoni. Tulimrudisha akakiweka pale pale, maana vitu hivyo vinalindwa na sheria, na mtaalamu akikuta jino bila kujua lilitoka tabaka gani, habari yake yote imepotea. Alinuna mpaka jioni.

Usiku tulilala kwa mwanachama wa kikundi. Juu ya bati palikuwa na paneli ndogo ya jua, na mwenye nyumba akatueleza ilikotoka. Watafiti wa ICIPE pale Mbita, pamoja na wenzao, walikuja kujaribu mitego ya mbu inayotumia nguvu ya jua. Kati ya 2013 na 2015 walifunga mitego hiyo nyumba kwa nyumba, kisiwa kizima, maelfu ya nyumba, na kila nyumba ikapata pia taa na mahali pa kuchaji simu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: palipofungwa mitego, malaria ilikuwa imepungua kama asilimia 30 kuliko ambapo haijafungwa. Mitego mingine imeshaharibika, hilo ni kweli. Lakini mwenye nyumba alikumbuka zaidi jambo jingine. "Walijua nyumba yangu," alisema. "Ilikuwa na namba." Usiku ule tulilifikiria tangi letu.

Siku ya pili, upande wa machweo, huku Mfangano ikionekana mbele yetu kubwa na ya buluu, njia ilikatika.

Haikukatwa na maji wala jabali. Ilikatwa na seng'enge. Shamba lilikuwa limeuzwa, na mnunuzi, mtu wa mbali, alikuwa amezungushia waya kutoka juu ya kilima mpaka ndani ya maji, nguzo mbili za mwisho zimesimama ziwani kama korongo. Njia ilionekana wazi ikiingia chini ya waya na kutokea upande wa pili, jinsi ilivyochimbwa na nyayo. Akina mama wawili walikuwa wanapanda kilima na beseni za omena kichwani ili wazunguke. Tulizunguka nao. Ilituchukua dakika arobaini kufika mahali tulipokuwa tunapaona. Na kumbukeni, hawa huipita gizani, wakishindana na boti.

Vijana walitaka kukata waya. Mmoja alikuwa na koleo kabisa! Tulikataa, na hatutaki kuficha kwamba mioyoni mwetu hatukukataa kwa nguvu sana. Tulimwita mlinzi, tukaongea naye, kisha tukarudi baadaye na chifu, wazee wawili na mwenyekiti wa kamati ya bichi. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaweka maziwa na mito katika ardhi ya umma, kwa hiyo zile nguzo za majini hazikuwa na utetezi, na ziling'olewa. Ila njia inayopita juu ya shamba la mtu mwenye hati ni jambo jingine. Hapo tulikuwa tunategemea mazoea ya miaka mingi na ushahidi wa wazee, na mazoea hayana mhuri. Aliyeuza naye ni mtoto wa pale pale. Alikuwa na mgonjwa hospitalini na alihitaji pesa. Hakuna aliyethubutu kumnyoshea kidole.

Mwishowe mwenye shamba alikubali geti dogo. Tulifurahi, tukapeana mikono, tukapiga picha. Wiki mbili baadaye mama mmoja akatupigia simu: geti linafunguliwa saa moja asubuhi. Saa moja omena wameshanunuliwa. Kwa hiyo geti lipo, na akina mama bado wanapanda kilima.

Hapo ndipo jambo lilipo leo. Tunaomba mlinzi aache ufunguo kwa kamati ya bichi. Mwenye shamba anaogopa wizi wa injini za boti zake, na wizi huo upo, tusimwite mwongo. Akina mama wamependekeza ufunguo ukae kwa dani mmoja anayeishi karibu, ambaye hata wezi wanamwogopa. Mazungumzo yanaendelea.

Tangi tulilifikia jioni ya siku ya pili, tukiwa na malengelenge miguuni. Tulipotokea kwa miguu kutoka ziwani, tuliona mara moja kosa letu. Liko juu ya njia, mbali na kila mlango wa nyumba, zuri kabisa kwa mtu anayeshuka kutoka garini. Kuna shule ndogo kama mita mia mbili chini yake yenye paa kubwa la bati lisilo na mfereji hata mmoja. Tulikuwa tumepita barabarani mara nyingi na hatukuiona, kwa sababu imefichwa na miembe. Mwezi ujao tunaanza kufunga mifereji pale, na tangi la pili litakaa ubavuni mwa shule. Makaa yatabaki katika lile la kwanza, kwa idhini ya kikundi.

Ninyi wa Muhuru na Sori, tumeshaongea na wenyekiti wenu. Kwenu si kisiwa, kwa hiyo mtaenda kwa ufuo na kurudi kwa njia ya mashamba. Pangeni safari kabla omena hawajafungwa mwezi wa nne, ili mkute bichi zikiwa na kazi. Kila kundi liwe na mama mmoja angalau anayenunua samaki alfajiri, na mzee mmoja anayekumbuka maji ya 1964. Beba maji ya kunywa yaliyochemshwa, kofia, na viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Daftari moja linatosha kwa watu wote. Magari mtayaacha hapa uani, na funguo mtatupa sisi.